Pareto ya Harusi ya Dada Paskalina

Juzi nilikuwa Katesh kwa mjukuu wangu Yustina, mwalimu, ambaye anaolewa baada ya mavuno. Mbu wa kule chini hawana adabu, akawasha ile dawa ya mbu iliyojiviringa kama nyoka aliyelala, akaiweka karibu na miguu yangu, halafu akanipa simu yake nichague maua. Picha baada ya picha. Maua ya zambarau, maua ya bluu, maua ambayo Mungu mwenyewe akiyaona atauliza nani kayaumba. "Bibi, chagua unayopenda tu," ananiambia, "mpambaji anasubiri jibu." Mimi simu nimeishika, lakini pua yangu imeshaondoka nyumbani kwake. Ule moshi. Wenzangu mliokulia Tlawi na vilima vya jirani, mkiuvuta moshi ule hamhitaji kuambiwa. Ni pareto. Siku hizi sijui wanachanganya na nini, ila ule ukali unaoingia puani na kukaa nyuma ya macho ni ule ule.

Nikamrudishia simu yake nikamwambia, mimi nilishachagua maua ya harusi nikiwa mtoto, na nilichagua vizuri. Akacheka, akadhani natania. Sikutania. Ndiyo maana naandika haya kwa mkono wangu wa darasa la nne. Herufi zikipinda, msomaji nyoosha mwenyewe.

Kwetu pareto haikuwa ua. Ua lilikuwa la boga, au yale mekundu yanayoota ukingoni mwa mto, ambayo mtoto huchuma na kutupa. Pareto ilikuwa kazi. Baba alikuwa na vipande vitatu mteremkoni chini ya nyumba, na sisi watoto tulichuma tangu vikapu vilipokuwa vinatushinda ukubwa. Unaingiza shingo ya ua katikati ya vidole viwili, unasukuma kwa dole gumba, kichwa kinakatika, kinaanguka kiganjani. Unakwenda hivyo mstari mzima, mikono miwili kwa pamoja, mpaka vidole vinageuka njano na pua inawasha. Ua ambalo halijafunguka unaliacha. Lililofunguka huliachi hata moja, kwa sababu safari ijayo litakuwa limeshazeeka.

Na shina huchukui. Hapo ndipo Baba alipokuwa mkali, yeye ambaye kwa mambo mengine alikaa kimya kutwa. Kijiti cha urefu wa punje ya mahindi kikibaki kwenye ua, alikiona. "Uchafu huo," alisema, basi. Kule kituoni pareto ilikokuwa ikinunuliwa, gunia lenye vijiti lilirudishwa nyumbani likachambuliwe upya, na habari zake zilifika kijijini kabla ya mwenye gunia. Kwa hiyo kichwani mwangu shina la ua lilikuwa sawa na tope la kwenye kiatu. Kitu cha kuondoa kabla hujaingia kwa watu.

Sasa dada yangu mkubwa, Paskalina, akachumbiwa na kijana wa Dongobesh. Walikuwa watu wazuri, wenye duka na paa la bati lisilo na kutu, na bwana harusi alikuwa na shangazi yake, Shangazi Emiliana, ambaye alishakwenda harusi za Arusha na hakuacha mtu asahau. Akatuma maneno kwamba maua ya bibi harusi atayafunga yeye mwenyewe, sisi tutafute tu maua meupe. Tukikosa tusihangaike, kwani dukani kwake anayo ya plastiki, mekundu, mazuri, hayanyauki.

Maua yale tuliyajua. Yalikuwa yamezunguka harusi tatu na msiba mmoja.

Dada Paskalina akasema hashiki plastiki. Alisema mbele ya Baba na Mama, akiwa anakoroga uji, hata hakugeuka. "Nataka pareto ya Baba. Nimeichuma tangu meno ya utoto. Siku yangu nataka niishike bila kuipeleka kwenye mizani." Baba akachukua jembe akatoka. Ila wiki ya harusi ilipofika, tulipochuma Jumatatu na Jumanne kama wenzetu wote kijijini, maana siku ya kununuliwa ilikuwa Jumatatu inayofuata na pareto inataka siku za kukauka, Baba alituzuia tusiguse kipande cha chini. "Hicho kina mwenyewe," akasema.

Kazi ya kuchagua ikaja kwangu. Mama aliniambia, "Ijumaa asubuhi uende kipande cha chini ukachume maua ya dada yako. Chagua mazuri tupu. Ukifanya vizuri, kesho yake utatembea mbele yake kanisani." Nilikuwa kama wa miaka tisa. Sikulala sawasawa.

Nilikwenda ukungu ukiwa bado umekalia shamba, umande unanifika kiunoni. Nilichagua, nawaambieni. Sikuchuma kama siku za kazi. Kila ua niliinama nikaliangalia usoni. Lenye petali iliyotobolewa na mdudu nililitupa. Lililoanza kuwa na rangi ya chai kwenye kingo nililitupa. Nilitaka yaliyolala wazi kabisa, meupe, na lile jicho la njano limejaa. Na kila nililolichagua nilikata kichwa vizuri, bila shina, na pale ambapo kijiti kidogo kilibaki niliking'oa kwa kucha. Harusi ya dada yangu, na niweke uchafu?

Mtauliza nilidhani atayashikaje. Mimi bibi harusi mwenye maua mkononi nilikuwa sijamwona. Mtu pekee niliyewahi kumwona ameshika maua ni Mtakatifu Yosefu, ile sanamu ya kanisani kwetu, na yeye ameshika fimbo, maua yako juu ya fimbo. Nikajua basi ndivyo yanavyoshikwa, yanachomekwa kwenye fimbo. Kwa hiyo nilipomaliza kipande chote nilikata na fimbo, nzuri, nyoofu, nikaibandua gome ikawa nyeupe. Nikapanda mlima nimebeba kikapu kichwani na fimbo mkononi, najiona mtu mzima.

Shangazi Emiliana alifika saa sita, viatu mkononi kwa sababu ya njia yetu, amebeba ndoo ya kuwekea maua na utepe wa kufungia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe uliyetumwa maua? Haya, tuone."

Nikafunua kikapu. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakasogea. Shangazi akaingiza mkono, akachota, akaacha yaanguke, akachota tena mpaka chini.

"Mashina yako wapi?"

"Niliyaondoa, Shangazi. Hakuna hata moja," nikasema, kifua mbele.

"Uliyaondoa."

"Ndiyo. Ukipata hata moja niite."

Akamgeukia Mama. "Mwenzangu, huyu mtoto amechinja maua yote. Mimi hapa nafunga nini? Unafungaje vichwa?" Kisha akaiona fimbo. "Na hiyo ni ya kuchungia nini?"

"Ya kuchomekea. Kama ya Mtakatifu Yosefu."

Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Mama peke yake hakucheka. "Kimbia shambani," akaniambia, "lete mengine, yenye mashina, haraka."

"Nimemaliza, Mama."

"Umemaliza nini?"

"Kipande chote. Lililofunguka sikuacha."

Mama akatazama mteremko. Kijani tupu, kwetu na kwa jirani na kwa jirani ya jirani, kwa sababu wiki ile kila mtu alikuwa ameshachuma. Kulikuwa na vitumba tu, vimefumba macho, vinangoja wiki ijayo. Harusi ilikuwa kesho.

Shangazi akafungua mfuko wake. Alikuja nayo, yale mekundu. Akayapangusa vumbi kwa kanga. "Haya hayana matatizo," akasema, akayalaza juu ya kiti. Dada Paskalina alikuwa amesimama mlangoni, nywele nusu zimesukwa nusu bado. Akayatazama yale ya kwenye kiti, akakitazama kikapu changu, akanitazama na mimi. Aliingia ndani akafunga mlango, na mlango ule ulikuwa hauna kitasa, ukafunguka wenyewe, akaufunga tena.

Angenipiga ningefurahi.

Nikachukua kikapu changu nikaenda nyuma ya nyumba kwa Bibi, mama yake Baba. Huko ndiko nilikokimbiliaga. Bibi zamani alikuwa mshonaji wa zile sketi za ngozi zenye shanga ambazo wasichana wa kwetu walivaa siku kubwa, na watu walitoka mbali kuja kwake. Macho yalikuwa yamemwacha, lakini vidole bado, na kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano.

"Nani anavuta makamasi hapo?"

"Mimi, Bibi. Silii."

"Sikuuliza kama unalia. Nitungie uzi."

Nikatunga. Ila sindano sikumpa. Sijui ni nini kilinituma, labda mikono tu haikuwa na pa kwenda. Nikachukua kichwa cha pareto nikakitoboa, nikakisukuma mpaka mwisho wa uzi. Kikakaa. Nikaweka cha pili, cha tatu, kama shanga. Kufika kama ishirini Bibi akauliza mbona sindano yake haifiki, akanyoosha mkono akakutana na ule uzi.

"Hii shanga gani laini hivi?"

"Pareto, Bibi."

Akaipitisha kwenye vidole, moja moja, mpaka mwisho. Nilingoja anigombeze kwa uzi wake. "Umekosea," akasema. "Umetoboa katikati, sasa yanatazamana kisogo na uso, hayaonekani. Toboa ubavuni, kwenye ile nyama ya kijani. Uso wote utazame nje. Anza upya."

Nikaanza upya. Wenzangu, ule uzi ulipotoka ulikuwa kitu. Macho ya njano yamepangana, kila moja na kola yake nyeupe, bega kwa bega, hakuna nafasi. Urefu wa mkono mzima, maua matupu.

Sikumsikia Dada akija. Aliushika ule uzi, akauzungusha shingoni, akainama akajitazama kwenye maji ya beseni la Bibi. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akaketi chini pale pale na nywele zake nusu, akasema, "Nipe sindano. Na wewe usisimame, tunga."

Mama akaja kutafuta binti yake akamkuta mavumbini, akataka kufoka, akauona uzi, akaketi. Wakaja shangazi zetu, wakaja wa mchele. Ikaonekana kila mmoja wao aliwahi kushona shanga ujanani na alidhani ameshasahau. Bibi akiwa katikati anapokea kila uzi, anaukagua kwa vidole, anaurudisha. "Huu wa nani? Una mapengo kama mdomo wangu. Rudia." Walicheka, wakarudia.

Shangazi Emiliana alisimama pembeni, mikono kiunoni. "Mimi Arusha sijawahi kuona maua ya namna hii."

"Arusha nao hawajawahi," Bibi akamjibu, hata hakuinua kichwa.

Akatazama uzi mmoja baada ya mwingine. Kisha nikasikia, "Hebu nisogezeeni hicho kigoda. Na sindano." Alishona vizuri, yule mama, siwezi kumnyima. Vidole vyepesi kuliko vya Mama.

Jua lilipokuwa linashuka tulikuwa na nyuzi nyingi, za shingo, za kichwa, ndefu za mlango wa kanisa na za altare. Shangazi akasimama, akasema sasa ni za kuhifadhi, akaanza kuzirundika kwenye ile ndoo yake, akanyunyizia maji, akataka nailoni ya kufunika juu.

Nikasema, "Zitaungua."

"Nini?"

"Zitaungua, Shangazi. Ukirundika pareto mbichi inachemka yenyewe. Asubuhi itakuwa kama samadi."

Wanawake wote wakageuka kunitazama. Siku hizi wajukuu zangu wananijibu huku wanatafuna, lakini enzi zetu mtoto hakumkosoa mkubwa, na mgeni, na wa upande wa wakwe, usiku wa kuamkia harusi. Shangazi akaniangalia kama kitu kilichodondoka kutoka darini. "Mtoto, leo umeshachinja maua, sasa unataka na kunifundisha? Maua yanakaa kwenye maji. Kila mtu anajua."

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza. Ila kichwani nilimwona Dada kesho asubuhi, ameinua zile nyuzi zimekuwa kahawia, na yale mekundu yanangoja kwenye kiti. "Zitaungua," nikasema tena.

Mama akainua mkono, na ungenishukia. Ila Baba alikuwa ametokea kona ya nyumba na mzigo wa kuni. Aliutua polepole. Hakuuliza kuna nini, alikuwa amesikia. Akaja mpaka kwenye ndoo, akaingiza mkono katikati ya zile nyuzi, akauacha humo kidogo kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Zimeshaanza joto," akasema. Akautoa mkono. "Mtoto amesema kweli, shemeji, utusamehe. Huyu ndiye mchumaji wangu. Fanyeni anavyosema yeye."

Anavyosema yeye. Mimi. Mbele ya wakwe.

Basi nikasema. Nikawaambia watoe nyuzi zote, wakung'ute maji, wazipeleke ghalani kwenye vichanja vyetu vya kukaushia, wazilaze moja moja, zisigusane, dirisha liachwe wazi baridi iingie. Na watu wazima wakafanya. Shangazi Emiliana mwenyewe alibeba zile ndefu kwenye mikono miwili kama mtoto mchanga, akaniuliza mlangoni, "Hapa au pale?" Nikamwambia pale. Kazi iliyobaki ilifanywa na baridi ya Tlawi, ambayo mnaijua.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza ghalani. Hazikuwa zimenyauka hata kidogo.

Dada Paskalina alivaa nyuzi tatu shingoni, moja kuzunguka kichwa juu ya shela, na moja kila mkono. Mlangoni mwa kanisa Shangazi akamsogelea na yale mekundu, safari hii kwa upole, akasema, "Mwanangu, bibi harusi haingii mikono mitupu." Dada akavua uzi wa mkono wa kushoto, akamvisha Shangazi wake mpya. "Hayo nishikie wewe, Shangazi," akamwambia, "utembee karibu yangu." Na yule mama akaingia kanisani na pareto mkononi na plastiki mkononi, kwa madaha kuliko bibi harusi. Mimi nilikuwa mbele yao wote. Sitawadanganya kwamba niliinamisha macho kama nilivyofundishwa. Nilitazama kila benchi, kulia na kushoto, nihakikishe wameona.

Waliona. Padri alipiga chafya mara mbili altareni, na hakukuwa na nzi hata mmoja ndani ya kanisa lile siku nzima. Baada ya misa wasichana walimzunguka Dada wakigusa shingo yake, wanauliza nani kashona, na yeye ananionyesha kwa kidole. Toka hapo ilikuwa, "Mwiteni yule mtoto wa pareto." Kabla sijafika umri wa kuolewa mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachagulia harusi saba maua yake. Nikaulizwa ninachotaka, nikapewa kiti, nikasikilizwa. Shule haikunipa hicho.

Dada Paskalina akaenda Dongobesh na nyuzi zake shingoni. Jumatatu mimi na Baba tukabeba pareto kavu kituoni. Foleni ilikuwa ndefu, na wanaume waliokuwa nyuma yetu walikuwa bado wanaongelea harusi. Gunia letu likawekwa kwenye mizani, mshale ukasogea kidogo ukasimama, mahali pa chini kuliko siku zote. Mtu wa mizani akaugonga kwa kidole, akadhani umekwama. Haukuwa umekwama. Akamtazama Baba.

"Mzee, leo mbona pungufu? Mengine yako wapi?"

Baba akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, mzito, wenye harufu ya pareto, akauacha hapo watu wote wauone.

"Mengine," akasema, "yameolewa Dongobesh."